Tundu la Zamani

Kule Kyamwilu, kwenye mteremko wa Kituluni mashariki mwa mji wa Machakos, wageni hupelekwa kuona maji yakipanda mlima. Unamwaga chupa yako barabarani, maji yanasita kidogo, kisha yanashika njia ya juu. Hata ukijua kwamba ni macho tu yanayodanganywa na jinsi vilima vilivyokaa, unamwaga tena. Nilikuwa nimeinama hivyo, chupa mkononi, nilipohisi mguu wangu wa kulia umekuwa mwepesi. Kugeuka, soli ya buti ilikuwa imebaki nyuma hatua mbili, imelala kama chapati iliyomponyoka mpishi. Hatua iliyofuata, ya kushoto nayo ikafungua mdomo.

Mabuti hayo nilikuwa nimeyanunua siku tisa kabla. Mtumba, naam, lakini mtumba wa kamera: ngozi nzito ya kahawia, ulimi ulioshonwa pande zote mbili usiingize mchanga, na chini kabisa ile alama ndogo ya manjano ya Vibram ambayo kila muuzaji wa viatu anajua kuipangusa kwa kidole gumba kabla hujauliza bei. Soli hazikuwa na mchubuko. Mwenyewe wa kwanza, popote alipo, hakuwa ameyavaa zaidi ya mara tatu au nne. Nilizifunga soli kwa kamba za viatu, nikapanda matatu, na mjini nikashuka nikiburuta miguu kama bata hadi kwa fundi.

Fundi huyu hukaa ng'ambo ya steji, chini ya mabati manne na mwavuli wa kampuni ya simu uliopauka mpaka maandishi hayasomeki. Jina lake silitaji. Hakuniomba nimwandike, na pale kila mtu humwita Fundi tu, hata mkewe anapomletea chakula. Mimi huniita mwalimu, tangu siku aliponikuta nikisahihisha madaftari kwenye benchi lake nikingoja kiatu. Aliipokea ile soli bila neno, akaiminya ubavuni kwa kidole gumba. Ikabomoka. Vipande vyake vilikuwa kama vya keki iliyolala wiki mbili.

"Hii haikung'oka, mwalimu," akasema. "Hii ilikufa. Ilikufa kitambo, ilikuwa inangoja tu mtu wa kuizika."

Nilidhani anatania, kumbe anaeleza kemia. Kati ya ngozi ya juu na raba ngumu inayokanyaga ardhi, mabuti mengi ya mlimani huwekewa tabaka la povu la poliyurethani, jepesi, linalomeza kishindo cha jiwe kabla hakijafika kwenye goti. Adui wa povu hilo ni maji, na si lazima yawe ya mvua. Mvuke uliomo hewani unatosha. Taratibu, mwaka hadi mwaka, mvuke hukata minyororo ya kemikali inayolishikilia, na kiatu kinaoza ndani huku nje kinang'aa. Kiatu kilichovaliwa kikachakaa kwa kawaida hutupwa kabla povu halijafika umri wa kufa. Kile kilichonunuliwa kwa safari moja ya milimani, kikawekwa kabatini miaka kumi, kikatolewa sadaka, kikabanwa ndani ya robota na kuvuka bahari katika kontena lenye joto, hicho ndicho hufika Mombasa kikiwa maiti iliyopigwa rangi.

Kwa hiyo kanuni ya mnunuzi wa mitumba, ile ya kutafuta soli isiyochakaa, kwa aina hii ya buti inampoteza. Fundi hufanya kinyume. Akiona soli safi mno hukunja pua. Huiminya ubavuni, huitazama kwa karibu kama ina nyufa ndogondogo mfano wa matope yaliyokauka, kisha huinusa. Nilipomuuliza soli iliyokufa inanukaje, alinisogezea yangu puani. Sikunusa kitu cha maana. Yeye alinusa.

Mwenye alama ya manjano mwenyewe hastahili lawama. Vitale Bramani, Mwitalia mpanda milima, alibuni soli ya raba yenye meno makubwa baada ya marafiki zake sita kufa milimani mwaka 1935, msiba uliohusishwa kwa kiasi na viatu visivyofaa. Raba yake bado ilikuwa nzima kwenye mabuti yangu, meno yote yapo. Kilichokufa ni kile ilichogandishwa nacho.

Machakos inapata viatu vyake vingi vya mtumba kupitia Gikomba, Nairobi, umbali wa kilomita sitini na kitu. Gikomba yenyewe iko karibu na kituo kikubwa cha mabasi ambacho Wanairobi hukiita Machakos, kiasi kwamba mtu wa huku akisema anaenda Machakos akiwa Nairobi, huna budi kumuuliza ni ipi. Robota likifunguliwa, wa kwanza huchagua kamera, yaani zile safi za kupigia picha. Wanaofuata huchukua za katikati. Mwishoni kinabaki fagia, kwa sababu ni kama umefagia sakafu. Fundi hununua fagia. Kiatu cha kushoto kisicho na mwenzake, buti lililochanika juu lakini soli yake bado ina miaka mitano, kiatu cha kike kilichovunjika kisigino: yeye ana magunia matatu ya vitu hivyo nyuma ya kibanda. Humo mna soli tupu zilizotolewa kwenye viatu vilivyokufa juu. Huziita soli za kurithi.

Machi 2020, serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini kwa sababu ya korona, magunia hayo ndiyo yaliyomlisha. Hadi marufuku ilipoondolewa Agosti, watu walitoa uvunguni viatu walivyokuwa wamevisahau wakamletea. Hajawahi kushona sana namna ile, anasema, wala kulipwa kidogo namna ile.

Nilimwachia mabuti asubuhi ya Jumamosi. Aliniambia nirudi Jumatano. Badala ya kuondoka nikakaa, na Jumapili baada ya kanisa nikarudi kutazama, na Jumatatu jioni vilevile.

Kazi ya kwanza ni kusafisha maiti. Kisu chake ni kipande cha msumeno wa kukatia chuma, kimenolewa upande mmoja na kuviringishiwa mpira wa tyubu ya baiskeli kiwe na mpini. Kwa kisu hicho alikwangua povu lililooza mpaka akafika kwenye ubao mwembamba wa ndani, kile kitu kigumu kinachoupa mguu mahali pa kukanyaga. Alikwangua kwa dakika arobaini. Nilipomwambia kwamba mbona yaliyobaki ni madogo tu, gundi si itayafunika, alinipa kisu nijaribu kukwangua alama moja ndogo. Iligeuka unga. "Sasa gundi ishike unga?" Akarudisha mkono kuchukua kisu chake.

Kisha akanivua soksi.

Hili sikulitarajia. Nilidhani soli hupimwa kwa kiatu. Yeye hupima kiatu kwa mguu. Aliniweka wima juu ya karatasi ngumu ya pakiti ya maziwa, akachora unyayo kwa kalamu iliyosimama wima kabisa, maana ukiilaza unachora mguu mwembamba kuliko ulivyo. Akafanya hivyo kwa miguu yote miwili. Wangu wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto kwa upana wa penseli, jambo ambalo katika miaka arobaini na minne hakuna aliyewahi kuniambia. Halafu akatoa soli ya ndani ya buti, ile laini, akaiweka kando ya mchoro. Ilikuwa na alama hafifu ya mguu wa yule mtu wa kwanza: kidole gumba kirefu, kisigino kilichodidimia upande wa nje. "Huyu alikuwa mwembamba huku," akasema akipitisha kidole katikati ya unyayo. "Na wewe ni mpana. Ulikuwa unavaa mguu wa mtu mwingine."

Namba iliyoandikwa ndani ya ulimi haimsaidii sana. Ile ya Ulaya huhesabu theluthi mbili za sentimita kwa kila hatua, ile ya Uingereza theluthi moja ya inchi, urefu ambao zamani ulipimwa kwa punje ya shayiri, na Marekani wanaanzia hesabu mahali pengine. Zote tatu zinaweza kuandikwa kwenye kitambaa kimoja na zote hazisemi lolote kuhusu upana wa mguu. Fundi ana uzi wenye mafundo. Hauna namba.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta soli ya kurithi. Angeweza kunikatia ya tairi. Akala ni kazi anayoijua tangu utoto, na tairi la lori lisilo na nyaya za chuma, lile la nailoni, analitafuta kuliko mtu anavyotafuta mchumba, kwa sababu nyaya hula kisu na mwishowe huchoma mguu. Lakini soli ya tairi kwa buti zito kama hili, akasema, itakuwa mguu wa tembo. Soli mpya ya dukani ilikuwepo pia, nyeusi, inanuka duka. Akaikunja ikakunjika kama mkate wa mofa, yaani haikukunjika. Akairudisha.

Kutoka gunia la pili akatoa jozi ya soli za raba nzito zilizotoka kwenye buti la kazi la mtu fulani. Ziliwahi kushonwa: ukingoni zilikuwa na mfereji mwembamba uliozunguka, na ndani ya mfereji matundu, moja kila milimita saba hivi, meusi kwa uchafu wa zamani. Akaweka buti langu juu yake. Urefu ulikaa sawa. Katikati ulikaa sawa. Mbele, kwenye vidole, kwa kuwa hakutaka kunirudisha katika ubanio ule wa zamani na alikuwa amekwisha kupanua ngozi kwa maji na kabari mbili za mbao, buti lilikuwa pana kuliko mstari wa matundu. Ukishona kwa matundu yale, uzi utaingilia mahali ambapo mguu unakaa.

Alikaa kimya muda mrefu. Ndiyo nikajua kwamba tumefika kwenye kazi yenyewe. Yote ya kabla, pamoja na ile ya kisu, yalikuwa matayarisho.

Mtu asiyejua angechoma matundu mapya pembeni ya yale ya zamani na kuendelea. Fundi aliniambia nitoe stempu kama ninayo. Sikuwa nayo, nani siku hizi ana stempu? Akachukua risiti, akaitoboa kwa sindano mstari mzima, tundu karibu na tundu, kisha akaivuta. Ikachanika pale pale, sawasawa kama iliyokatwa kwa makasi. "Kila tundu ni deni," akasema. "Kiatu hakisahau." Raba na ngozi zilizotobolewa karibu-karibu huwa na mstari wa kuchanikia, na mvaaji akipanda ngazi, uzito wake wote unavuta mstari huo. Kwa hiyo kila tundu jipya lazima likae mbali na la zamani. Pasipowezekana, la zamani litumike upya vilevile lilivyo. Na lisipotumika, lizibwe. Akachukua kalamu ya wino wa bluu, akaanza kuweka nukta. Katikati ya soli, ambako buti na matundu vilikubaliana, aliweka nukta juu ya matundu. Kuelekea vidoleni nukta zikaanza kuacha mstari wa zamani na kutoka nje kidogo kidogo, na kwa kuwa zimeachana, akazipa nafasi pana zaidi, kama milimita tisa. Mbele kabisa mistari miwili ilikuwa mbali kwa upana wa kidole. Kutoka hapo akarudi upande wa pili akizikaribisha tena hadi zikakutana.

Alihesabu matundu yaliyoachwa. Kumi na saba mguu wa kulia, kumi na tano wa kushoto. Alivunja njiti za kiberiti, akazichovya kwenye gundi iliyochanganywa na unga wa raba aliokuwa ameuokota chini ya msasa, akaziingiza moja moja na kuzikata juu kwa wembe. Baada ya dakika kumi hukuweza kuona palikuwa wapi.

Nilicheka peke yangu, akaniuliza kulikoni. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari wa nguzo, zilining'inia buti mbili nyekundu za plastiki ngumu ambazo watoto wa steji huziita viatu vya roboti. Zilikuja kwenye fagia mwaka juzi. Ni buti za kutelezea kwenye theluji. Alizinunua kwa ajili ya vifungo vyake vya chuma, ambavyo tayari viwili vimehamia kwenye mkoba wa mama mmoja muuza mayai, na kwa ajili ya soksi nene za ndani, ambazo Julai, baridi ya Machakos inapotuamkia, huzivaa nyumbani kama malapa. Karibu na kisigino cha kila buti imebonyezwa namba: 315 mm. Aliwahi kuniuliza ni ya nini nikamwambia sijui. Sasa nilikuwa nimejua, kwa sababu binamu yangu alifanya kazi msimu mmoja wa baridi Austria katika duka la kukodisha vifaa hivyo, na nilipomsimulia habari za viatu vya roboti alinichosha saa nzima kwa maelezo.

Namba ile ni urefu wa soli kwa milimita. Buti la namna hiyo halitembei peke yake. Hubanwa kwenye ubao mrefu kwa vibano viwili, kimoja cha ncha na kingine cha kisigino, na vibano hivyo hufungwa ubaoni kwa skrubu. Mtu akinunua ubao wa mtumba, na kule pia watu hununua mitumba, mara nyingi vibano vimefungwa kwa ajili ya buti la mwingine. Vingine husogea kwenye reli yake. Vikifika mwisho wa reli na bado havitoshi, ni kuving'oa na kuvifunga upya. Fundi wa huko hutafuta alama ya katikati kwenye buti na alama ya katikati kwenye ubao, huzilinganisha, huweka kielezo cha kutobolea, hutoboa kwa keekee yenye kizuizi isipite kina cha milimita tisa hivi, maana ubao wenyewe ni mwembamba na upande wa pili ndio unaoteleza. Kisha matundu ya zamani huzibwa kwa vigingi vya plastiki na gundi. Na tundu jipya likiangukia karibu mno na la zamani, fundi mwenye adabu hukataa kutoboa. Husogeza kibano mbele au nyuma kidogo, au hukuambia ubao huu umechoka.

Fundi aliweka msharasi chini. "Kwa hivyo hata wao wanaogopa tundu la zamani."

Wanaogopa kuliko sisi, nikamwambia. Kile kibano kina springi inayopaswa kufunguka mtu anapoanguka, na nguvu yake hupangwa kwa uzito wake, urefu wake, umri, namna anavyoteleza, na tena ile namba ya kisigino, kwa kuwa soli ndefu ni nyenzo ndefu. Ikikazwa mno, mguu unavunjika kabla ya kibano kuachia. Ikilegezwa mno, ubao unaondoka wenyewe mlimani.

Akauliza kama kuna Mkenya aliyewahi kuvaa vitu hivi. Nikamkumbusha Philip Boit, mkimbiaji aliyepelekwa Finland kujifunza theluji na kushiriki mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwenye utepe ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Fundi alimkumbuka Boit mara moja. Ni mtu wa kusikiliza redio. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, ambaye mwaka 2018 huko Pyeongchang alikuwa Mkenya wa kwanza mwanamke katika Olimpiki ya majira ya baridi, hakumjua, na alitaka kujua hasa kama buti zake zilikuwa nyekundu. Lakini buti za Boit, nikamwambia, ni nyepesi na hushikwa ncha tu, kisigino kinainuka kama mtu anatembea. "Hayo ndiyo yangenifaa," akasema akiviangalia viatu vya roboti kwa dharau mpya.

Mvulana wa shule alikuwa amefika na njumu mpya kabisa, bado zina karatasi ndani. Alitaka zishonwe ukingo wote kabla ya mechi ya kwanza. Hili hufanywa sana kwetu na mgeni hulishangaa: kiatu kinatoka dukani moja kwa moja kwenda kwa fundi, kwa kuwa kilichobandikwa kwa gundi tupu hatukiamini. Fundi aliziangalia zile njumu, akazirudisha. Plastiki ya chini ilikuwa nyembamba kama kifuniko cha kikopo cha mtindi. Akamwambia mvulana achezee hivyo hivyo, zikianza kufunguka alete abandike. Akizitoboa leo, kesho kutwa zitachanika zote. Mvulana aliondoka amenuna na shilingi zake mfukoni. Nilikuwa naanza kuona kwamba nusu ya ufundi huu ni kazi inayokataliwa.

Jumapili alipaka gundi. Pande zote mbili, soli na buti, kwa kipande cha brashi, tabaka jembamba, akaacha likauke, akapaka la pili. Kosa la wengi ni kugandisha gundi ikiwa bado mbichi. Gundi hii hushikana yenyewe kwa yenyewe ikishakauka kiasi cha kutogusika, na mvuke wake ukifungiwa ndani hubaki mapovu. Alikuwa akiijaribu kwa mgongo wa kidole: ukigusa kikainuka safi, tayari. Na ikishakuwa tayari hakuna kurekebisha, mahali ilipokutana ndipo ilipooana. Alianzia vidoleni, akaviringisha soli kuelekea kisigino kama anayekunja mkeka, kisha akalivika buti kwenye mguu wa chuma, kile chombo chenye nyayo tatu ambacho alikirithi kwa baba yake, akaligonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni. Sauti ya nyundo ilibadilika kadiri hewa ilivyotoka. Mwanzoni ilikuwa ya debe, mwishoni ya kuni.

Baba yake alikuwa akitengeneza viatu, si kurekebisha. Ngozi ilitoka hapa hapa. Ukamba ni nchi ya ng'ombe, na mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipokamata mifugo ya Wakamba kwa kisingizio cha kupunguza mmomonyoko wa udongo, ng'ombe ambao kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River kiliwangoja kwa hamu, Muindi Mbingu aliwaongoza watu kutoka huku hadi Nairobi wakakaa huko wiki kadhaa wakidai mifugo yao. Alipelekwa kizuizini Lamu; leo ana barabara katikati ya Nairobi. Fundi husimulia habari hiyo kama habari ya ngozi. Hata sasa ngozi nyingi za nchi hii huuzwa nje zikiwa zimesindikwa nusu, zina rangi ya samawati ya chumvi za kromu, na hapo mtu anabaki kukisia ni ngapi kati ya hizo hurudi miaka baadaye ndani ya robota, zina visigino na jina la Kitaliano. Aliligonga buti langu kwa kidole. "Labda huyu ni wa huku Masii." Sikuwa na la kumjibu.

Jumatatu jioni alishona. Sindano yake ina mpini wa mti na ncha yenye ndoano ndogo kama ya mvuvi wa dagaa. Uzi wa nailoni aliupitisha kwenye mshumaa mara tatu. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya buti umeshika uzi, wa kulia nje na sindano. Inaingia kwenye nukta ya bluu, inatokea ndani, vidole visivyoonekana vinaizungushia uzi, inarudi nje na kitanzi. Ncha ya uzi wa nje inapita ndani ya kitanzi. Mikono miwili inavuta kwa pamoja, na fundo linazama katikati ya raba. Kisha nukta nyingine. Alikuwa amekata mfereji mpya pale ambapo mstari ulihama, ili uzi ulale chini ya uso wa soli usisagwe na lami. Hakutazama mkono wa ndani hata mara moja, wala hangeweza. Nilimtazama usoni nikaona kwamba macho yake hayakuwa kwenye sindano pia. Alikuwa akisikiliza.

Kwenye nukta ya thelathini na kitu, karibu na kidole kidogo cha mguu wa kushoto, sindano ilivunjika. Ncha ilibaki ndani ya raba. Alitukana kwa Kikamba, taratibu, akaichimbua kwa koleo, na tundu likabaki pana kupita kiasi. Angeweza kupita uzi hapo, nani angejua? Alifumua mishono minne, akaziba tundu kwa njiti na gundi, akahesabu nafasi upya kwa kucha, na nukta tatu zilizofuata zikasogea kidogo ili zote zipumue. Ukiyatazama mabuti yangu kwa makini, mguu wa kushoto, utaona mahali ambapo mshono unajikunja kiasi cha punje ya mchele kisha unarejea mstarini.

Alinitoza shilingi mia saba. Mabuti yenyewe niliyanunua kwa elfu mbili na mia tano, na nilipomwambia hivyo alisema nilidanganywa kwa elfu mbili. Akaniagiza nitembee nayo mwezi mmoja, kisha nimletee.

Nimempelekea Jumamosi iliyopita. Nimepanda nayo vilima vya Iveti mara mbili na Kituluni mara moja, ambako maji bado yanapanda. Hakuangalia mshono wala hakuivuta soli kama nilivyofikiri. Aliyageuza mabuti yakatazama juu, akayaweka sambamba gotini, akatazama pale meno ya raba yalipoanza kulainika: kulia, upande wa nje wa kisigino, kushoto, chini ya kidole gumba.

"Sasa ni yako," akasema, akachukua kiatu cha aliyekuwa nyuma yangu kwenye benchi.